Nyekundu Upande wa Mlingoti

Sitaeleza alizaliwa wapi, wala baba yake alipanda kutoka pwani akimfuata nani. Maswali hayo aliulizwa ofisini kwa miaka mingi, akayajibu kwa upole, na majibu hayakumletea heri yoyote. Nitamweleza kwa kazi yake, maana hata jina lake tulikuwa hatulitumii. Mtaa wetu wa Biryogo ulikuwa na cherehani katika kila baraza, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, hata mtoto alijua unamtafuta nani. Unamtafuta yule anayeshona bendera.

Duka langu la nyuzi na vifungo lilitazamana na baraza lake, tukitenganishwa na njia ya vumbi ambayo mvua ikinyesha inakuwa tope. Nilikaa pale tangu miaka ya mwanzo ya uhuru hadi nywele zangu zikaanza mvi, na kila nilipoinua macho nilimwona yeye. Nilimtazama kuliko nilivyomtazama mume wangu, na mume wangu hakuacha kulisema hilo. Fundi alikuwa mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, futi ya kupimia shingoni hata akienda kuswali. Mara nyingine alitawadha akasahau kuvua kastabini kidoleni, na watu msikitini wakamcheka, naye akacheka.

Wale waliozaliwa juzi nawakumbusha bendera yetu ya siku zile. Ilikuwa na vipande vitatu vya kusimama: nyekundu, njano, kijani, na katikati ya njano kulikuwa na R kubwa nyeusi. Ilisemekana hapo mwanzo herufi haikuwepo, hadi wakubwa walipogundua kwamba nchi nyingine, huko mbali Afrika Magharibi, ina rangi zile zile kwa mpangilio ule ule. Ndipo R, herufi ya kwanza ya jina la nchi yetu, ikawekwa. Kwa watu wengine ilikuwa herufi tu. Kwa fundi cherehani ilikuwa balaa, kwa sababu kitambaa kina pande mbili, na ukibandika R upande huu, upande wa pili hakuna kitu, au inaonekana imegeuka mgongo.

Mafundi wengine walishona R moja wakamaliza. Fundi alikata mbili. Aliziweka mgongo kwa mgongo, kila moja upande wake, akazishona kwa mkono pindo juu ya pindo, hata ukiivuta bendera kwenye jua huoni kivuli cha herufi ya pili. R mbili zilimchukua siku mbili. Nilimwambia anajichosha bure, nani atapanda mlingotini kukagua? Alinitazama juu ya miwani.

"Upepo hauna adabu, Mama Zaina," akasema. "Utafunua upande ule usiotaka uonekane."

Na jambo hili lilinichekesha kila mara: hakujua kusoma herufi za kizungu. Msahafu aliusoma bila kukwama, sauti nzuri, lakini katika herufi za Wazungu aliijua hiyo moja. Nikimpa gazeti la kufungia, kwanza alilipitishia kidole akiokota R zake, hii hapa, na hii hapa, mpaka mwisho wa ukurasa. Wanajeshi walipoleta kazi ya bendera za vikosi vyao, zile za kitambaa cha kung'aa zenye nyuzi za dhahabu pembeni, maneno yake yalikuwa ya Kifaransa. Aliyanakili kama anavyonakili maua. Vitambaa vya mikoa vilivyobebwa kwenye gwaride la Julai, la sikukuu ya uhuru, vilikuwa hivyo hivyo, kila mkoa na jina lake, naye hakuwahi kuuliza lipi ni la wapi. Sajenti mmoja alitaka kujua kama anaelewa alichokiandika.

"Naelewa kwamba kimenyooka," Fundi alijibu.

Sajenti huyo huyo alitaka bendera ya taifa iwe tayari kesho yake. Alisimama barazani amevaa buti, sisi wengine tumeinamisha vichwa kwenye shughuli zetu. "Muzehe, kesho asubuhi iko tayari? Mimi narudia hapa na gari."

"Kesho asubuhi utapata upande mmoja. Mtawaonyesha watu upande upi?"

Sajenti alicheka, akarudi siku ya tatu. Lakini ukimwona Fundi mwenyewe! Suruali yake ilikuwa na viraka magotini vya rangi mbili tofauti, na kanzu yake ya Ijumaa ilikosa kifungo kwa mwaka mzima, wakati mimi muuza vifungo nimekaa mbele yake. Nilimpa kimoja cha bure. Akakishona kwenye shati la mteja.

Ofisi ya komini, serikali yetu ya mtaa, haikuwa mbali nasi. Asubuhi bendera ikipandishwa na jioni ikishushwa, ilipulizwa filimbi, na kila aliyekuwa njiani alisimama: mwenye baiskeli, mwenye kikapu kichwani, hata mbuzi alisimama kwa sababu aliyemvuta amesimama. Walio ndani ya nyumba hawakulazimika. Nani angewaona? Fundi alikuwa ndani ya baraza, na kila filimbi ilipolia, miguu yake iliacha kukanyaga cherehani, sindano imebaki ndani ya kitambaa. Nami nilikuwa naendelea kupanga vifungo, vikigonga kwenye mkebe. Alinitazama mpaka nikaacha.

Vipande vilivyobaki baada ya kukata hakuruhusu vitupwe wala vifutiwe kitu. Alivikusanya kwenye gunia. Tulidhani anavichoma, maana ndivyo tulivyosikia bendera chakavu inavyofanywa. Siku moja mkewe alianika mto wa kulalia juani, mto ukapasuka mshono, na ndani yake tukaona nyekundu, njano, kijani, umeshindiliwa kama kapu la maharage. Mkewe alikuwa na ulimi. Alishika kiuno akasema, "Nchi nzima inalala chini ya kichwa chake, na bado wanamuita mgeni!"

Hapo ndipo penye kidonda. Mama yake Fundi alikuwa wa hapa hapa, na kaburi lake tulilijua. Lakini sheria ilifuata baba, na baba alikuwa mtu wa pwani. Kwa hiyo Fundi, aliyeshona bendera iliyopepea mbele ya ofisi, alikwenda kwenye ofisi hiyo hiyo kila mwaka kuongezewa muda karatasi yake ya ukaaji wa mgeni. Wanawe wawili, mabinti, walikuwa wageni kwa sababu yake. Mkubwa alikwisha kukataliwa nafasi ya kusomea ualimu. Aliyebaki ni mdogo, mtoto mwenye akili kama wembe, na mwaka ninaousimulia alikuwa amalize shule ya msingi. Fundi aliomba uraia ili huyu mdogo apite. Hakuomba kingine.

Hakuwa mtu wa kulalamika, ila Jumamosi tulipokuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kuchimba mifereji, alikuwa akisimama kupumzika, anaegemea jembe, na kusema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe nimepewa. Ugeni sasa utaisha lini?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu alivyolisema lilichekesha.

Kisha ukaja mwezi wa sita wa mwaka huo. Karani wa komini alimwambia, "Fundi, dosiye yako iko sawa. Iko kwa meza ya burugumesteri, inabaki sinyatire tu." Yaani jalada la maombi yake lilikuwa limefika kwa mkuu wa komini, bado sahihi tu, na Fundi alirudi mtaani akiimba. Sikuwa nimewahi kumsikia akiimba kitu kisicho kasida, na siku hiyo aliimba wimbo wa harusi. Alimwita binti yake mdogo, akampima mabega kwa ile futi yake, akasema anaanza kumkatia sare ya sekondari. Halafu akaketi akamalizia bendera aliyoagizwa na ofisi hiyo hiyo. Ilibaki kazi ndogo tu, kushona ule mfuko mwembamba wa pembeni unaopitishwa kamba ya mlingoti. Katika huzuni sikumwona akikosea hata mshono mmoja. Alikosea siku ile aliyofurahi.

Wiki tatu baadaye nilikwenda komini kumwandikisha mjukuu wangu. Nilingoja uani kwa muda mrefu, sina cha kutazama ila bendera. Kitu fulani kilinikera, sikujua nini. Niliporudi, nikafungua mdomo wangu huu.

"Fundi, ile bendera yako ya komini iko na kitu. Leo imeniangalia vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Sijui, mimi siko fundi. Labda imechoka na sisi."

Nilikuwa natania. Yeye aliweka mkasi chini, akaenda. Aliporudi alikaa kwenye kiti chake bila kukanyaga cherehani, mikono juu ya meza.

"Kijani iko upande wa mlingoti," akasema.

Sikuelewa, akanieleza polepole. Nyekundu ndiyo inayokaa kwenye mlingoti, kijani inakaa mwisho, kwenye upepo. Yeye alishona mfuko wa kamba upande wa kijani. Kama ingekuwa bendera ya fundi mwingine, yenye R moja, ikapandishwa hivyo, herufi ingetoka imegeuka na kila mtu angeona siku hiyo hiyo. Lakini R zake zilisomeka sawa pande zote mbili. Ustadi wake mwenyewe ndio uliolificha kosa. Wiki tatu, asubuhi na jioni, burugumesteri, makarani, askari na watoto wa shule walisimama wima mbele ya bendera iliyofungwa kinyume, na hapana aliyeona.

"Basi nyamaza, sha," nikamwambia. "Usiseme kitu. Dosiye iko mezani kwao! Ngoja wasinye, halafu utairekebisha pole pole. Nani atajua?"

"Nimewaza hivyo njia nzima," alisema.

"Na?"

"Nguo iliyoshonwa vibaya naifumua, Mama Zaina. Sijawahi kungoja mteja atie saini kwanza."

"Na yule mtoto? Sare umeshaikata!"

Nilimwita mjinga mbele ya wateja wake wawili. Nilimwambia nchi haitaanguka kwa ajili ya mfuko wa kamba, lakini mtoto ataanguka. Aliinama akachukua kitambaa kipya, akaanza kupima. Alishona siku mbili, mimi nikimwona na yeye akiniona, hatuzungumzi.

Siku ya tatu alivaa kanzu nyeupe, akaifunga bendera mpya kwenye gazeti, akaenda. Yaliyotokea huko tuliyapata kwa tarishi wa ofisi aliyekuwa jirani yetu. Fundi alisalimu, akaifungua bendera juu ya meza, akaeleza kosa lake mwanzo hadi mwisho, akaomba ile nyingine ishushwe. Makarani walitoka kwenda kutazama, wakarudi hawatazamani usoni. Burugumesteri hakukasirikia kitambaa. Alikasirikia wiki tatu.

"Nani mwingine ameona?" aliuliza.

"Mimi tu."

"Hakuna aliyekuambia?"

"Mimi tu, mheshimiwa."

"Kwa hiyo sisi wote hapa hatuna macho. Mgeni ndiye anakuja kutufundisha bendera yetu."

Walimweka kasho, mahabusu ya komini, siku mbili. Jina langu hakulitaja. Alipotoka alikuwa na ndevu za siku mbili na kanzu imechafuka, akapita mbele ya duka langu akaniamkia kama kawaida. Mwisho wa mwezi alikwenda kuuliza. Karani yule yule, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia akitazama dirishani, "Dosiye yako haionekani, Fundi. Utaandika ingine." Aliandika nyingine. Na nyingine tena baadaye. Sare aliyoikata ikakaa kwenye sanduku bila mikono, na yule binti mwenye akili kama wembe alikwenda Kabuga kwa shangazi yake kuuza nyanya sokoni.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Kabla mwezi wa saba haujaisha, tarishi alikuja tena barazani na karatasi ya kuagiza bendera kumi. Kutoka ofisi ile ile! Na Fundi alizipokea. Nilikasirika sana. Mwezi mzima nilimuuzia uzi mweusi bila salamu, namtupia kama mtu anayelisha kuku. Mwishowe aliniuliza nina nini, nikamwambia.

"Nisingezishona mimi wangempa mwingine," akasema. "Angeweka R moja."

Niliona ni jibu la kipumbavu. Mpaka leo nusu yangu inaona hivyo. Lakini hasira nyingine ilikuwa juu yangu mwenyewe, na hiyo sikumwambia. Kama siku ile ningerudi komini nikafunga mdomo, sahihi ingetiwa, mtoto angesoma. Jambo hilo nilitembea nalo miaka zaidi ya kumi. Nilipika nalo, niliswali nalo, na kila nilipoinua macho alikuwa pale mbele yangu anashona.

Mkewe alipofariki, macho ya Fundi yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu. Akamwachia mpwa wake cherehani, akahamia Kabuga kwa yule binti mdogo. Baraza likawa la muuza viatu. Mimi nilistahimili miezi minane, kisha nikapanda basi nikiwa na boksi la uzi mweusi mapajani, zawadi ya mtu asiyejua apeleke nini.

Binti yake nilimkuta sokoni, mwanamke mzima sasa, ana nyanya zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka kabisa. "Mzee yuko kule ofisi," alisema. "Leo ni siku ya karatasi yake."

Alikuwa kwenye benchi uani mwa komini ya huko, fimbo kati ya magoti, pamoja na watu wengine wawili waliokuwa wakingoja. Alinitambua kwa sauti, nikamwambia nimemletea uzi. Tulizungumza habari za mtaa, nani kafa, nani kaoa, nani kamwacha nani, maana mambo ya watu aliyapenda sana ingawa mwenyewe alikuwa akikana. Saa za ofisi zilikuwa zinakaribia kwisha na mlango haujafunguliwa. Ndipo mlinzi akatoka akapuliza filimbi ya jioni.

Barabara ilisimama. Nami nikasimama. Fundi alishika fimbo, magoti yakakataa, akajaribu tena. Mlinzi alikuwa kijana mwenye huruma, na alikuwa ameiona karatasi yake mchana. Akamwinamia.

"Muzehe, wewe kaa tu. Usijiumize. Hii ni ya wenye nchi, wewe iko mgeni, haina lazima."

Fundi alinishika bega akajiinua. Alisimama, kidevu juu, macho yake yakitazama pale ambapo mimi niliona bendera na yeye, nadhani, aliona rangi tu zilizochanganyika.

"Nyekundu iko wapi?" akaninong'oneza.

"Iko kwa mlingoti, Fundi."

Bendera ilishuka. Mlinzi alianza kuikunja ovyo, kama mtu anayekunja shuka peke yake, na Fundi aliyasikia makunjo hayo. "Lete," akasema. Kijana alisita, akaileta. Fundi alikaa, akaitandaza mapajani, vidole vikatembea kwenye R, vikageuza upande wa pili, vikapata R nyingine, vikasimama hapo kidogo. Halafu akaanza kuikunja, theluthi kwa theluthi.

Nikaona nisiposema sasa sitasema tena. "Fundi, ni mimi niliyekuharibia. Kama ningenyamaza siku ile, mtoto angekuwa mwalimu. Nisamehe."

Mikono yake haikuacha kukunja. "Mama Zaina, mimi nilikuwa nimepanga kwenda pale Ijumaa kuulizia dosiye. Ijumaa ile ningeiona mwenyewe. Wewe uliniwahisha siku tatu."

Nililia pale kwenye benchi la ofisi, mtu mzima mimi, na sikujali nani ananitazama. Miaka yote ile, na hesabu yake ilikuwa siku tatu.

Mlango ukafunguka. Karani akatoa kichwa, funguo mkononi. "Saa zimekwisha," akasema. "Wageni, mutarudi kesho."

Wale wawili waliokuwa wakingoja waliinuka wakaondoka. Fundi alimkabidhi mlinzi bendera kwa mikono miwili, nyekundu juu, akapapasa kutafuta fimbo yake.

"Umesema uzi umeleta?" akaniuliza.

"Nimeleta. Boksi nzima."

"Basi mwachie binti, na umwambie kesho anitungie sindano kabla hajaenda sokoni. Pale kwenye mfuko wa kamba pameanza kufumuka. Nitapashona nikiwa nangoja."